Pikipiki ya safari ishapita kilomita laki moja na nusu, utengeneze au uachane nayo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunaongelea pikipiki gani hasa?

Zile kubwa za safari ndefu, sio bodaboda. Yaani BMW GS, Honda Africa Twin, Honda ST1100 na ST1300 (zile Pan European), Yamaha FJR1300, Suzuki V-Strom, na ukiwa na bahati au hela za kuchezea, Gold Wing. Mimi mwenyewe nina R1200GS ya 2007, niliichukua mkononi mwa mtu Dar ikiwa na kilomita elfu sitini na moja, leo imepita laki moja na sitini. Kwaiyo mifano mingi hapa itakuwa ya GS maana ndo imenifundisha na ndo imenila hela, ila hesabu yenyewe ni ileile kwa zote.

Angalizo dogo, ukienda gereji ukasema "injini yangu ni boksa" fundi atakutolea pistoni ya Bajaj Boxer, ishanitokea. Sema tu injini yenye silinda mbili zilizotokeza pembeni.

Kilomita ngapi ndo zinahesabika nyingi?

Hili swali ndo kila mtu analianza na ndo lina jibu dogo kuliko yote. Boksa ya bodaboda ikifika elfu themanini tunaiita mzee, ila hiyo imeishi maisha ya kubeba watu watatu na gunia, inazimwa na kuwashwa mara hamsini kwa siku, oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Pikipiki ya cc 1170 inayotoka Dar kwenda Mbeya inakaa kwenye gia ya sita mwendo mmoja masaa kibao injini ikiwa imeshapata moto wake, hizo kilomita 830 za barabarani haziumizi injini kama kilomita 830 za foleni ya Ubungo na Mwenge. Hivyo laki moja na nusu, ambayo ni kama kuzunguka dunia mara tatu na zaidi, kwa GS au ST1100 iliyotunzwa sio kifo. Na elfu arobaini kwa iliyolala nje Kigamboni miaka sita inapigwa na upepo wa chumvi inaweza kuwa maiti kabisa.

Ndo maana mi sikuhizi mtu akinitajia kilomita namuuliza imekaa wapi, nani alikuwa anaifungua, na daftari la sevisi liko wapi. Akisema daftari hamna, basi hata hizo kilomita ni hadithi, dashibodi ya mtumba inabadilishwa kwa dakika ishirini.

Nianze kuangalia nini kabla sijatoa hata shilingi?

Hapa tutakaa kidogo maana ndo penye hela.

Watu wengi wanafanya hivi: pikipiki imeharibika kitu kimoja, wanaulizia bei ya hicho kitu kimoja, wanakinunua, kinafungwa, wiki tatu baadae kinakuja kingine, wanasema hiki nacho kidogo tu nimalizie, mwisho wa mwaka wamemaliza bei ya pikipiki nyingine na hawajui ilipopotelea. Kabla hujanunua kile kilichoharibika, kagua pikipiki NZIMA kama vile unataka kuinunua kwa mtu usiyemuamini. Siku moja tu inatosha, Jumapili asubuhi.

Injini. Ipashe moto, toa plagi, funga geji ya kompresheni, fungua mafuta mpaka mwisho kisha piga stata. Usihangaike sana na namba yenyewe, angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa zinakaribiana uko vizuri, ikiwa moja imeshuka zaidi ya asilimia kumi na tano hivi kuna jambo. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye ile iliyoshuka upime tena, ikipanda ni ringi zimechoka, isipopanda basi ni valvu. Hicho kijiko cha oili kinaweza kukuokolea milioni, maana kazi ya valvu ni kufungua juu tu na kazi ya ringi ni kufungua mpaka chini. Na kabla hujalia kuhusu valvu pima kwanza uwazi wake, kwenye GS za 2004 mpaka 2009 ni milimita 0.15 za kuingizia na 0.30 za kutolea, injini ikiwa baridi, na kwa sababu vichwa viko nje hii kazi unaifanya ukiwa umekaa kwenye kigoda. Nimeona GS inaambiwa "injini imekufa" kumbe valvu zilibana tu hazijawahi kuguswa.

Oili. Mwaga kwenye beseni safi uiangalie juani. Vumbi la chuma laini kidogo kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika na kucha sio kawaida. Alafu chukua ile filta ya zamani ipasue uangalie ndani. Fundi wengi hawaifanyi hii na ndo yenye maneno yote.

Difu ya nyuma, kwa zinazotumia shafti badala ya cheni. Simamisha kwenye stendi ya kati, shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza beringi inaondoka. Angalia unyevu wa oili kuzunguka rimu. R1200GS za mwanzo mwanzo tuliambiwa oili ya difu haibadilishwi maisha yote, na nyingine hata nati ya kumwagia chini hazina, baadae ndo ikaja kusemwa ibadilishwe, kwaiyo kuna pikipiki zinatembea na oili ya kiwandani mpaka leo imekuwa kama lami. Ukiwa hapohapo angalia ile flanji inayofungiwa rimu, za alumini zilikuwa zinapasuka kwenye matundu ya bolti hasa mtu akikaza kwa nguvu za mwili badala ya spana ya kipimo, BMW waliziita zirudishwe mwaka 2015 wakaweka za chuma. Ya mtumba iliyokuja huku bila historia usidhani ilirudishwa.

Umeme. Betri ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6, ukiwasha na kupandisha mizunguko mpaka elfu tatu na kitu isome 13.8 mpaka 14.4. Ikibaki 12 ni alteneta, mkanda wake au regyuleta. Fungua na soketi za waya utazame ukijani, sisi wa pwani tunaujua huo ukijani.

Mbele. Nyanyua tairi la mbele hewani uzungushe usukani taratibu, ukisikia pa kukwama katikati hapo beringi zimekula kikombe chake. Shokapu zinavuja? Hozi za breki za mpira zina nyufa? Tairi soma zile tarakimu nne za mwisho, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama lina meno mengi limeshazeeka.

Chesisi nimeiacha mwisho makusudi. Vua siti, vua maboksi ya pembeni, osha, chukua tochi uangalie ile fremu ndogo ya nyuma kila penye weldi. Sisi tunabeba vitu vingi, maboksi mawili ya alumini yamejaa, begi juu, na dumu la lita kumi, alafu tunapita matuta ya Mikumi kwa haraka. Nyufa zinaanzia pale.

Ukimaliza una karatasi yenye kila kitu kinachotaka hela, cha leo na cha miezi sita ijayo. HIYO ndo bei ya kutengeneza, sio bei ya kile kimoja kilichokuleta gereji.

Inakula oili, ndo basi tena?

Inakula kiasi gani? "Inakula" sio kipimo. Pima kilomita elfu moja na chupa yenye mistari. Chini ya nusu lita kwa injini kubwa ya kupozwa na hewa inayokimbizwa kwenye joto la Dumila mi silali macho wazi kwa ajili hiyo. Lita nzima kwa elfu moja, hapo anza kuweka hela pembeni.

Na usipime vibaya. Injini za pembeni zikilala na stendi ya ubavuni oili inajaa silinda ya kushoto, asubuhi ukiwasha inatoa moshi kama jiko la kuni na jirani anakuonea huruma, baada ya dakika umeisha. Huo sio ugonjwa. Simamisha wima, injini iwe ya moto, subiri dakika kadhaa, ndo usome.

Kuna vitu vikiharibika hakuna tena mjadala, niachane nayo?

Vipo, vichache. Chesisi kubwa kupinda au kupasuka, hapo hata ukipata fundi wa kuchomelea anayejisifu, pikipiki ya kwenda mia na ishirini sio toroli. Kuzama kwenye mafuriko mpaka dashibodi, maana kompyuta na soketi zitakusumbua kimoja kimoja miaka miwili. Na wayaringi iliyoliwa na panya au iliyochezewa na mafundi watano tofauti kila mmoja na tepu yake nyeusi, hii watu wanaidharau lakini mi naiogopa kuliko injini, injini ikifa unajua imekufa, waya unakuzimia katikati ya Mbuga ya Mikumi saa moja jioni alafu asubuhi unawaka vizuri kabisa.

Klachi kavu ya GS iko katikati, sio kifo ila ujue kuibadilisha unaigawanya pikipiki vipande viwili, klachi yenyewe ni robo ya maumivu na ufundi ni robo tatu. Ukiifungua badilisha na sili zote zilizo karibu, usije ukawa na roho ndogo ya kuokoa elfu arobaini ukarudia kazi yote kwa sababu ya sili.

Hesabu ya hela naifanyaje?

Kuna ule msemo kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya pikipiki achana nayo. Ule ni msemo wa watu wa bima, wao wanaangalia bei sokoni, hawaangalii kwamba wewe kesho unahitaji kitu cha kupanda.

Nifanye mfano, namba ni za mfano sio bei za soko. Tuseme GS ya umri wako ikiwa nzima inauzika milioni 14. Yako ilivyo sasa hivi mbovu unapewa 6. Ile karatasi ya Jumapili imesema milioni 5 kila kitu. Kwa msemo wa nusu ya bei, ukilinganisha na hiyo 6, unaambiwa uza. Haya, umeuza, una 6, umeongeza 8 umenunua nyingine ya 14. Umemaliza? Hujamaliza, hiyo nyingine nayo inataka oili zote, tairi, betri, labda beringi, na vitu alivyokuficha aliyekuuzia, weka 2 mpaka 3. Kwaiyo umetoa mfukoni 10 au 11 ili uwe na pikipiki usiyoijua, wakati ungetoa 5 ukabaki na unayoijua mpaka sauti ya kila nati.

Sasa geuza upande wa pili, maana mi sitaki kukudanganya. Hiyo 5 itakupeleka mbali kiasi gani? Kama baada ya kutengeneza una uhakika wa kilomita elfu arobaini bila kazi kubwa, ni shilingi 125 kwa kilomita. Petroli yenyewe, lita tano kwa kilomita mia na tuseme lita ni elfu tatu, ni shilingi 150 kwa kilomita. Matengenezo yako ni rahisi kuliko mafuta unayochoma! Ila kama ni 5 leo na 4 mwakani na unatembea kilomita elfu sita tu kwa mwaka, hapo umeshavuka mia saba kwa kilomita, hiyo sio pikipiki tena ni mtoto wa chuo.

Kwaiyo kinachoamua ni vitu viwili, karatasi ya ukaguzi na kilomita unazotembea kweli, sio unazoota kutembea. Wengi wetu tunatengeneza pikipiki kwa ajili ya safari ya Cape Town ambayo tumeisema tangu 2015.

Nimeshaweka hela nyingi sana humu, nitaiachaje?

Hizo zimeenda mkuu. Zimeenda ukiitengeneza na zimeenda ukiiuza. Anza hesabu kuanzia leo asubuhi.

Spea nazitoa wapi?

Hapa ndo bongo tunatofautiana na mtu wa Ulaya, na ndo sababu ushauri mwingi wa intaneti haututoshi. Kariakoo utapata kila kitu cha Boxer, TVS na Haojue mpaka usiku, ila ukiulizia sili ya difu ya GS wanakuangalia kama umeulizia bawa la ndege. Kuna vitu hata hivyo havijui jina la pikipiki. Beringi ina namba pembeni, sili ina vipimo vitatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, unaenda nayo kwenye maduka ya beringi Gerezani au Nairobi Barabara ya Kirinyaga, mara nyingi unaipata ileile ya kampuni nzuri kwa bei ya binadamu. Plagi, betri, oili, relei, taa, hozi za kutengenezwa, hivyo vyote vipo. Vinavyobaki ni vya kuagiza: gasketi za vichwa, klachi, pampu ya mafuta na kile kidude chake cha kuongoza umeme kilichoko juu ya tenki ambacho kinaingia maji na kukuzimia, sensa, vioo vya dashibodi. Ujerumani, Uingereza au Afrika Kusini, na ukiagiza weka usafiri na VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine kabla hujafurahia bei uliyoiona kwenye simu.

Kitu cha kujifunza ni kuagiza kwa mkupuo. Usiagize gasketi moja Januari na sili moja Februari, usafiri utakula kuliko spea. Na kama una rafiki anarudi na ndege kutoka Johannesburg, mnunulie soda.

Ukiwa huwezi kupata spea tatu za muhimu kwa pikipiki yako ndani ya mwezi mmoja, hiyo ni sababu ya kuachana nayo hata kama injini ni nzima. Jamaa yangu alikuwa na R1150GS nzuri sana, gia boksi ikaleta shida, akakaa miezi saba anangoja. Miezi saba! Alipopata akatengeneza, akaiuza wiki hiyohiyo, akachukua V-Strom 650, na hajawahi kuisema vibaya.

Fundi wangu wa bodaboda anaweza kuifungua?

Anaweza zaidi ya unavyofikiri na chini ya anavyofikiri yeye. Breki, beringi za rimu, shokapu, tairi, oili, mkono wake ni mwepesi kuliko wa watu wenye gereji za vioo. Anachokosa ni kipimo cha kukazia. Bolti ya kichwa cha alumini akikaza kwa "ishakaza hiyo boss" umenunua uzi mpya. Mi nilinunua spana ya kipimo yangu, nikapakua kitabu cha matengenezo, nakaa pale nasoma namba yeye anakaza, anacheka lakini anakaza. Fundi Maiko, yaani fundi wa kubahatisha, mjue kwa kitu kimoja, hakuulizi ilianza lini, anaanza kufungua.

Si ninunue tu mtumba mwingine wa miaka hiyohiyo wenye kilomita chache?

Huu ndo mtego ninaouona zaidi. GS ya 2008 yenye kilomita elfu thelathini maana yake ilisimama. Pikipiki ikisimama sili zinakauka, petroli inageuka ulimbo kwenye pampu, mafuta ya breki yanavuta maji (yanatakiwa yabadilishwe kila miaka miwili hata kama huendeshi), tairi linakuwa jiwe, betri inakufa. Unainunua kwa bei ya kijana na siku ya kwanza kwenda Morogoro inazeeka yote kwa pamoja.

Yako ya laki na nusu angalau unajua klachi ilibadilishwa mwaka gani. Mi naweka thamani kubwa kwenye hilo, pengine kubwa mno, mke wangu ana maoni yake.

Au nichukue mpya ndogo?

Sio wazo baya kabisa na watu wanalikataa kwa ajili ya sifa. Royal Enfield Himalayan ya cc 411, ambayo sikuhizi haitengenezwi tena, ina farasi kama 24 tu, ukipanda Kitonga nyuma ya semi utakuwa na subira za mtume, ila barabara zetu nyingi kila kijiji ni hamsini, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo ipo, sasa farasi mia za GS unazitumia wapi? Injini ya silinda moja, fundi yeyote anaielewa. Kama safari zako ni Dar na Tanga, Arusha na Babati, na unapenda kuingia vumbini, fikiria kweli. Kama unabeba mtu nyuma na mizigo na unaamka Dar unataka kulala Mbeya, basi mwili wako utakukumbusha GS kuanzia Iringa.

Mimi sina GS, nina Honda, Suzuki au Yamaha. Kuna tofauti?

Ipo, kila moja na donda lake.

ST1100 injini yake V4 ni ya kufa na kuzikana, ila ina mkanda wa taimingi wa mpira, ukiwa hujui ulibadilishwa lini badilisha hata kama kilomita hazijafika maana mpira unazeeka na miaka. Za mwanzo zina alteneta ndogo ya ampia 28 inayokufa, za baadae 40 iko poa. ST1300 ni cheni, hiyo kazi huna. Gold Wing vilevile, mpaka GL1500 ni mikanda, kuanzia GL1800 ya 2001 ni cheni, na hizo GL1800 za miaka ya mwanzo angalia weldi za chesisi maana zilishawahi kurudishwa kwa nyufa.

Africa Twin ya zamani ya 750 pampu ya mafuta inakata kwenye pointi zake na regyuleta inaungua, vyote unabeba vya akiba kwenye begi na maisha yanaendelea, sioni sababu ya kuiuza kwa hilo. FJR1300 sikiliza kelele ya tenshena ya cheni ya taimingi asubuhi ukiwasha, ikiwa inakata kata usiiache, cheni ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni. V-Strom 650 ndo ya amani kuliko zote nilizotaja, kikubwa ni cheni na sproketi, na valvu kila kilomita elfu ishirini na nne ambazo hakuna anayezipima.

Niweke injini ya mtumba?

Inaweza kuwa rahisi kuliko kuovaholi hasa injini za GS na V-Strom zinazotoka kwenye pikipiki zilizopata ajali Ulaya. Ila usilipe kabla hujaona kompresheni yake au angalau video ikiwaka. Na usisahau kadi yako ina namba ya injini na ya chesisi, ukibadilisha nenda TRA ukaseme kabla trafiki hajakuuliza, kwa wa Kenya ni NTSA. Ukija kuuza bila kurekebisha hilo, mnunuzi mwenye akili anaondoka.

Nikiamua kuuza, nzima au spea spea?

Kama inatembea, uza nzima. Kama haitembei na chesisi ni nzima, uza nzima kwa bei ya chini kwa mtu mwenye pikipiki kama yako, anahitaji mfadhili wa viungo. Kuuza vipande vipande unapata hela nyingi zaidi kwenye karatasi, lakini utaishi na mifupa sebuleni mwaka mzima, rimu zinaenda siku ya kwanza, maboksi ya alumini ya pili, alafu unabaki na injini na wayaringi na simu za watu wanaotaka "ile nati tu".

Mwambie mnunuzi ukweli na umuandikie. Mji huu ni mdogo kwa wenye pikipiki kubwa, mtakutana Chalinze kwenye mishkaki.

Nina safari wiki ijayo, nitengeneze kwanza au niende tu?

Breki, tairi, beringi, na uvujaji wowote wa oili karibu na tairi la nyuma, hivyo vinatengenezwa kabla. Geji ya mafuta kufa (kwenye GS inakufa, ule ukanda wa ndani ya tenki ndo tabia yake) sio sababu ya kukaa nyumbani, weka tripu sifuri kila ukijaza na kwenye kilomita mia tatu tafuta sheli.

Kuhusu uvujaji naongea kwa uchungu. Nilitoka Mbeya nikiwa nimeona kaunyevu kadogo kwenye difu nikasema nitaangalia Dar. Nimeshuka Kitonga, nafika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, naona tairi la nyuma linang'aa. Oili imefika mpaka kwenye diski ya breki. Nikapanda Fuso mimi na pikipiki mpaka Morogoro, tukiwa tumeifunga na kamba ya katani, dereva ananihadithia shemeji zake njia nzima. Gereji moja pale ikaweka sili ya vipimo "vinavyokaribia". Haikufika Chalinze.

Sasa yako uliamua nini?

Baada ya ile ya Ruaha nilikaa na karatasi. Kompresheni zilitofautiana kidogo sana, chesisi safi, flanji ni ya chuma tayari, klachi bado. Mbaya ilikuwa difu, shokapu ya nyuma, beringi za usukani na tairi zote mbili. Natembea kama kilomita elfu kumi na mbili kwa mwaka, hizo ni za kweli nimezitoa kwenye daftari. Nikatengeneza. Kama ingekuwa na klachi nayo imefika mwisho, nadhani ningeiuza, na nisingekuwa nimekosea sana.

Leo iko kwenye stendi ya kati tairi la nyuma limetoka, sio kwa ubaya, nabadilisha oili ya difu, na ile iliyotoka imetoka ya rangi ya asali bila chenga. Mwezi ujao naenda Songea.